Neno Lisilokatika

Siku Yiamat alipoondoka, Gerson alikuwa juu ya ngazi pale Sakina, brashi mkononi, rangi nyekundu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko, akiuliza swali.

"Tukate wapi?"

Ukuta waliopewa ulikuwa mwembamba, umebanwa baina ya mlango na dirisha la duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka, Thomasi, alitaka herufi kubwa ambazo dereva wa basi la Namanga angezisoma bila kupunguza mwendo. Neno HARDWARE halikuenea kwenye mstari mmoja. Lilipaswa kukatwa, kipande juu, kipande chini, na kazi ya kukata maneno ya Kiingereza ilikuwa ya Yiamat. Katika ubia wao wa kuandika mabango, Gerson alikuwa mkono, Yiamat alikuwa kisu.

"Yiamati! Nakuuliza, tukate wapi?"

Yiamat alikuwa amevuka barabara kwenda kununua tapentaini. Gerson akangoja. Lakini rangi haina subira ya binadamu. Ikishaanza kukaza kwenye nywele za brashi haibembelezeki. Basi akaamua mwenyewe, kwa elimu aliyoipata darasa la kwanza kule Maji ya Chai, ambako mwalimu aliwaimbisha ba-be-bi-bo-bu mpaka kuku wa jirani wakazoea. Kila silabi huishia na irabu, mwalimu alisema. Konsonanti ni mtoto mchanga, haiachwi peke yake njiani. Hubebwa na irabu inayofuata. Gerson akalikagua neno, akaiona A ya kwanza, akakata hapo. Juu akaandika HA. Chini akaandika RDWARE.

Alikuwa bado anaitazama kazi yake, kichwa amekilaza upande kwa kuridhika, Sankale fundi magari alipokuja mbio kutoka ng'ambo, mikono myeusi kwa oili. Yiamat alikuwa ameanguka mbele ya kaunta ya duka la rangi. Walimpakia kwenye gari la mteja ambalo lilikuwa bado linadai breki za nyuma, wakaenda nalo hospitali kwa kasi ambayo hata gari lenye breki lisingethubutu. Hawakuwahi. Moyo, alisema daktari. Gerson aliitikia kwa kichwa, rangi nyekundu imemkaukia mkononi, na muuguzi mmoja akamsogelea na pamba akitafuta jeraha.

*

Watu wa Sakina walidhani wale wawili ni maadui waliokosa nauli ya kuhamiana mbali. Tangu ujana wao hakuna siku waliyoandika bango la Kiingereza bila ugomvi. Yiamat, Mwarusha wa Sambasha, alikuwa na kipimo chake. Aliweka kiganja chini ya kidevu, akatamka neno, na kila kidevu kilipogonga kiganja alihesabu silabi moja.

"Kidevu hakidanganyi," alikuwa akisema. "Mdomo ndio muongo."

Gerson, Mmeru aliyekulia Kimeru na Kiswahili, lugha mbili zisizopenda kuacha neno limefunga mdomo, hakukubali hata siku moja. Walipopewa kuandika kibanda cha maziwa, waligombana tangu asubuhi hadi chai ya saa nne juu ya neno MILK.

"Moja," alisema Yiamat, kiganja kidevuni.

"Tatu. Mi-li-ki."

"Hiyo ni kumiliki. Wewe unamiliki ng'ombe, mimi naongea habari ya maziwa yake."

"Sasa hiyo K mwishoni umeiacha inaning'inia. Italala wapi?"

"Imefunga mlango! Nyie Wameru mna tabu. Neno limeshaingia ndani, limeketi, nyie bado mmeshikilia kitasa mnasema i, i, i."

"Na nyie Waarusha mnameza mwisho wa neno kama mtu aliyeficha mnofu shavuni."

Hata jina la mwenzake Gerson hakuwahi kulifunga. Alimwita Yiamati, mbele ya watu na faraghani, na Yiamat alishachoka kumsahihisha. Bango likija, hata hivyo, kisu kilikuwa cha Yiamat. Gerson alibisha hadi koo likakauka, kisha akapanda ngazi na kukata palepale alipoambiwa. Ubishi ulikuwa wake, mstari ulikuwa wa mwenzake, na mabango yalitoka safi. Ndiyo maana, hata mashine za kuchapa mabango zilipoujaza mji, wenye kuta walikuwa bado wanawatafuta.

Siku ya mazishi, watu walipopita kutoa heshima za mwisho, Gerson alisimama mbele ya jeneza muda mrefu kuliko ilivyopasa. Kidevu kile kilichopima Kiingereza chote cha barabara ya Nairobi kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe, fundo limekaa juu ya kichwa. Nyuma yake foleni ilianza kukohoa. Mzee Meitamei, kaka mkubwa wa marehemu, akamshika bega.

"Twende, Gerson. Leo hatakujibu."

*

Thomasi alimpa wiki ya msiba ipite, ndipo akaja kibandani.

"Mzee Gerson, pole sana tena. Lakini duka langu linacheka."

"Linacheka vipi?"

"Limeandikwa HA. Watu wanasimama nje wanajibu, ha, ha, ha. Jana mama mmoja ameniuliza kama hapa ndipo kwa Ha. Na hii RDWARE ya chini, mtoto wangu anasema ni ugonjwa."

Gerson alitazama viatu vyake. "Nitakuja kuifuta."

Thomasi akajikuna shingo. "Hapana, iache kwanza. Makondakta wameshapafanya kituo. 'Kwa Ha, shusha!' Sijawahi kuuza misumari kama wiki hii."

Akaenda zake. Gerson alibaki amekaa na aibu ambayo hata haikupata adhabu. Laiti Thomasi angegomba! Mtu anayekosea akapongezwa hana pa kushika. Alijua kuna mmoja tu duniani ambaye angesimama mbele ya ukuta ule, akashika kidevu, akamtukana vizuri mpaka roho ikatulia.

Hapo ndipo Nalepo, mjane wa Yiamat, alipomtumia ujumbe apande Sambasha.

Alimkuta jikoni, jiko la nje lililotazamana na migomba na, ukingoni mwa migomba karibu na njia, kaburi. Msalaba wa muda uliokuja na jeneza ulikuwa umeshaanza kuinama kwa mvua. Kando ya ukuta uliegemezwa mwingine mpya wa mti wa loliondo, mzito, umepigwa msasa ukang'aa.

"Karibu, shemeji. Fundi ameuleta jana. Ibada ya kuuweka ni Jumamosi. Nataka wewe uandike."

"Nitaandika, Mama Angel. Niandike nini?"

"Mwenyewe alishasema. THE LORD IS MY STRENGTH." Nalepo aliyatamka yale ya mwanzo polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na la mwisho akalinong'ona tu kwa haraka, kwa kuliogopa. "Chini yake jina na miaka."

"Kiingereza? Kaburini?"

"Nilimwambia hivyohivyo. Nikamwambia, wewe mzee, wa kukusoma huku ni ng'ombe na mimi. Akacheka. Akasema, 'Mpe Gerson hilo neno la mwisho. Tuone atalikatia wapi.'"

Gerson aliuangalia msalaba. Mkono wake, ule ubao wa kukingama, ulikuwa mfupi. Hakuhitaji futi kujua.

"Na kitu kingine, shemeji," alisema Nalepo. "Herufi ziwe kubwa. Mimi nashinda hapa jikoni. Nataka nikiinua macho kwenye sufuria nimsome."

*

Basi Gerson akawa na mtihani uliotungwa na marehemu. Herufi ndogo zingeenea, lakini mjane asingeona kitu. Herufi kubwa zingeonekana, lakini neno lisingetosha, ilibidi likatwe. Na neno hilo ndilo Yiamat alilomtania nalo miaka yote, akisema halina pa kukatwa, ni silabi moja tu, chumba kimoja chenye wapangaji wanane.

Alikaa mbele ya kibanda chake Sakina, akaweka kiganja chini ya kidevu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akajitazama huku na huku kama mtu anayejaribu viatu vya marehemu.

"Si-te-re-ngi-thi," alisema.

Kidevu kiligonga mara tano. Neno lilikuwa na vyumba kama nyumba ya wageni.

Akarudia. Akarudia tena. Hanna, mama ntilie wa kibanda cha pili, alimtazama kwa huruma akiwa anachambua mchele, kisha akanyanyuka na kumletea karafuu kwenye kipande cha gazeti.

"Tafuna upande unaouma," alimwambia. "Usimeze."

Kabla hajajieleza, Sankale alichomoza chini ya gari.

"Shikamoo, mzee Gerson. Jino?"

"Marahaba. Si jino."

"Mbona umeshika taya?"

"Nahesabu."

"Meno?"

"Silabi, wewe! Neno strength lina silabi ngapi?"

Sankale akafuta vidole kwenye suruali, akatoa simu, akaliandika neno. Simu ikatamka kwa sauti ya mwanamke asiye na muda wa kupoteza. "Moja, mzee. Simu inasema moja."

"Simu haina kidevu," alisema Gerson.

"Lakini ndio imesema."

"Ikishaota kidevu, niite."

Sankale alirudi chini ya gari akicheka, na Gerson akabaki na karafuu mdomoni, ikimchoma bure. Kusema kweli alishaanza kuhofu kwamba simu ilikuwa sahihi. Lakini kukiri si jambo jepesi kama wasemavyo wachungaji. Kumpa ushindi mtu asiyekuwepo kuusherehekea ni kama kupeleka mahari kwenye nyumba isiyo na watu: unabisha hodi, unabisha, ng'ombe wanakushangaa nyuma yako. Tena ubishi ule ndio kitu pekee cha Yiamat alichokuwa bado anacho mkononi. Ngazi ilikuwa yao wote wawili, brashi zilikuwa zake, ila ubishi ulihitaji watu wawili, na maadamu haujaisha, wa pili alikuwa kavuka barabara tu.

Akatema karafuu. Akachukua chaki, akajaribu juu ya ubao mtupu, kwa sheria ile ile ya darasa la kwanza. STRE, alama ya kukatia, kisha chini yake NGTH. Akarudi nyuma kuitazama. Kipande cha chini hakikuwa hata na irabu moja. Kilikaa kama watu wanne waliokosa mwenyeji.

"Yiamati," alisema kwa hasira, "unaona unachonifanyia?"

Hanna akageuka tena, akaongeza karafuu.

*

Ijumaa alipanda Sambasha na makopo yake. Waliulaza msalaba juu ya magogo mawili, na Gerson akaanza na chaki, maana rangi ikishakaa juu ya loliondo haitoki bila ugomvi. Sehemu ya juu akapanga THE LORD IS MY. Kwenye mkono akaandika STRE, kubwa, akaweka alama. Chini, kwenye mti wa wima, NGTH. Kisha akamwomba Nalepo na kijana mmoja wa jirani wauinue, na Nalepo akarudi mlangoni pa jiko aone kama anasoma.

Nalepo alikunja macho.

"Naona. Za, lodi, izi, mai." Akameza mate. "Sitre. Halafu, shemeji, hii ya chini inasomwaje?"

"Ni mwendelezo."

"Ngi… Ngithi?" Alisogea hatua moja mbele. "Ngithi ni nani?"

"Si mtu, Mama Angel."

"Maana watu watauliza. Kaburi la Yiamat, halafu Ngithi ndani yake. Watasema alikuwa na mke mwingine!"

Na hapo Nalepo akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza tangu msiba, na lilimjia vibaya, likamkaba, ikabidi akae kwenye kigoda, kitenge mdomoni, mabega yakimtikisika mpaka asiyejua angekimbilia kumpa pole. Gerson naye akaanza. Walicheka mpaka kijana aliyeushikilia msalaba akaomba ruhusa ya kuulaza.

"Lile neno silijui kusoma," alisema Nalepo alipopata pumzi, akijifuta macho. "Kulisikia nalisikia. Alikuwa analisema kila asubuhi."

"Nani?"

"Yeye. Pale zizini."

Aliinuka, akaenda hadi mbele ya zizi, ambako gogo zito hulazwa kuziba mlango. Akapanua miguu kama mwanamume, akakunja mgongo, akajifanya ananyanyua gogo na kulitupa pembeni.

"Strength!" alisema.

Lilitoka mara moja, fupi, zima, kama gogo lenyewe linapotua ardhini. Hakuna irabu iliyobaki nyuma ikifuta miguu.

"Ndilo hilo?" aliuliza.

"Ndilo," alisema Gerson polepole.

"Mimi miaka yote nilijua ni kuguna tu. Mtu mzima akinyanyua kitu huguna. Kumbe ni Zaburi!"

Gerson hakucheka. Aliweka kiganja chini ya kidevu. Kisha, kwa kuwa haikuonekana sawa kulisema neno lile wima na mikono mitupu, akapanua miguu naye, akakunja mgongo kidogo kama mtu aliyekamata gogo.

"Strength."

Kidevu kiligonga kiganja. Akangoja kigonge tena. Aliacha mkono palepale, kama mtu aliyefungua geti kwa ajili ya wawili na akamwona mmoja tu anaingia. Kidevu kilikuwa kimetulia. Upepo ulipita kwenye migomba, ng'ombe mmoja akapiga mkia ukutani, na hakuna kilichofuata.

"Amenishinda," alisema hatimaye.

"Nani?"

"Mumeo. Ni moja."

Alimpa Nalepo mkono wa hongera, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kupewa. Nalepo aliupokea kwa adabu, kama mke anayepokea salamu za mume aliyetoka kidogo.

"Sasa utaandikaje?" aliuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Neno halikatiki. Na zima halitoshi, labda nipunguze herufi."

"Nitaziona?"

"Hapana."

Nalepo alitazama msalaba, akatazama jiko lake, akapima kwa macho kama apimavyo unga.

"Basi si uongeze mti."

"Msalaba hauongezwi, shemeji. Una kipimo chake."

"Nani kakipima? Fundi ameacha kipande kile pale, nilikuwa nataka kukifanya kigoda. Chukua."

Kipande kilikuwa kimoja tu. Gerson alijaribu kukigawa kwa mawazo, nusu huku, nusu huku, lakini kila nusu ilikuwa fupi mno kushika msumari. Ikabidi kiende chote upande mmoja. Akakiunga vizuri kwa gundi na skrubu, akapiga msasa, kisha akaandika neno kwa rangi nyeupe, herufi nane bila kunyanyua macho, tangu mwanzo wa mkono wa kushoto hadi mwisho kabisa wa ule mrefu wa kulia.

Jina aliliacha mwisho. Aliandika Y, akaandika I na A, akaandika M, na A nyingine. Alipofika kwenye T, alivuta mstari wa kulala, akavuta wa kusimama, na mdomo wake, uliozoea kuandika huku unatamka, ukajikuta umesubiri.

"Yiamat," alisema, ulimi umegota kwenye meno. Akauacha hapo hapo mpaka rangi ikaanza kukauka.

*

Jumamosi kanisa lilikuja. Mchungaji aliutazama msalaba kabla ya sala, akainamisha kichwa kulia, akakirudisha kushoto, akamnong'oneza Mzee Meitamei.

"Mzee, huu mkono mmoja umezidi."

"Ni wa kwake kabisa, mchungaji," alisema Meitamei kwa sauti ambayo umati wote uliisikia. "Muulize yeyote aliyewahi kukaa naye kwenye sinia la nyama."

Kwaya ilichelewa kuanza kwa sababu ya kicheko. Mchungaji alisoma maneno yale kwa Kiingereza, kisha akayaeleza kwa Kiswahili, na Gerson, aliyesimama nyuma na kofia mkononi, aligundua kwamba alikuwa ameshika kidevu. Wazee wawili walimpa pole ya jino. Aliwashukuru.

Msalaba ukasimikwa, ukashindiliwa udongo. Wakati wali unapakuliwa, Nalepo aliinua macho kutoka kwenye sufuria, akakaa hivyo kidogo, mwiko ukidondosha mchuzi juu ya mafiga, kisha akaendelea kupakua.

Kaburi lipo kando ya njia itokayo mabondeni, na mkono mrefu wa msalaba umetokeza hadi njiani, T na H ziko nje ya migomba. Wanawake wanaopanda jioni na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani hupunguza mwendo wakifika hapo, hugeuza mzigo upande, ndipo wapite.